Nilihamisha Ufunguo

2 Februari

Dada mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumaini hamjambo nyote, wewe na wapwa zangu wawili, na shemeji kama lori limemrudisha nyumbani. Mimi mzima, ila baridi ya huku imenifanya kitunguu, nimevaa maganda matano. Mgongo wako vipi? Bado cherehani kinakuonea?

Dada, nina ombi, na tafadhali usiniambie "ngoja kwanza nimalize magauni ya watu." Unajua kazi yangu ni kuchora michezo ya kompyuta. Miaka yote hii nimechora mawingu na nyasi kwenye michezo ya wenzangu. Sasa nimepewa wa kwangu mwenyewe. Ni wa watoto wadogo, wa miaka minne mpaka minane. Hakuna kupigana wala kukimbizana. Mtoto anaona picha ya chumba, anabofya kitu, kitu kinafunguka au kinaongea au kinaingia kwenye mfuko wake, halafu anafikiri akitumie wapi. Hadithi yenyewe ndogo tu: mkuu wa stesheni kapoteza filimbi, na bila filimbi treni haiondoki. Vyumba ni vitatu, ofisi, jiko na stoo.

Nimekutumia kwenye ile kompyuta niliyowaachia. Wakalishe mmoja mmoja, siyo pamoja, maana Hakimu akiwa karibu mdogo wake hapati nafasi hata ya kupumua. Mtoto ashike kipanya mwenyewe. Usimshike mkono, usimwonyeshe kwa kidole, usiseme "pale, pale." Akikwama, mwache akwame. Robo saa inatosha, na akichoka mwache aende zake. Kazi yako ni kuandika: kabofya nini, kaacha nini, kasema nini. Nataka maneno yao yenyewe, hata yakiwa matusi.

Najua nakuomba ufunge mdomo robo saa nzima. Mungu akutie nguvu. Na usinipigie simu kunisimulia. Simu ikikatika, maneno yanaondoka nayo. Niandikie kwenye karatasi, uipige picha unitumie.

Mwisho wa Aprili wakubwa wangu wataamua kama mchezo unatoka au mimi narudi kwenye mawingu.

Wabusu wapwa zangu.

Mdogo wako

12 Februari

Mdogo wangu,

Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Mgongo unauma kama kawaida yake, umeshakuwa mtu wa nyumba hii. Shemeji yako yuko barabarani, anakusalimu kwa simu. Hiyo baridi vumilia, uliitaka mwenyewe.

Ngoja nikueleze nilivyoshtuka. Nilidhani umetuletea upuuzi. Hakimu, ambaye akiwa anakula anahukumu chakula, akioga anahukumu maji, alikaa mbele ya mchezo wako robo saa nzima bila neno. Miaka minane sijawahi kupata kimya cha namna hiyo. Kabofya birika, kofia, kabati, paka, kalenda, ufunguo, dirisha. Kachukua ufunguo, kafungua droo, kapata tochi. Alipomaliza aliniuliza, "Mama, huyu mjomba ni yule yule anayelia akikatwa kucha?" Nikamwambia ndiye. Akasema basi watu hubadilika.

Mshtuko wa pili ulikuja kesho yake. Jirani muuza mayai kaja mlangoni kwangu mikono kiunoni. Mwanangu kaingia kwake kwa salamu nzuri, kafungua droo zote, kachungulia chini ya kitanda, halafu kamuuliza, "Unajua nini kuhusu filimbi?" Kamuuliza mara tatu neno kwa neno, kwa sababu kwenye mchezo wako mtu ukimuuliza mara ya tatu ndipo anasema ukweli. Mama wa watu aibu imemshika, mimi imenishika, yeye haimjui. Nimemchapa kwa maneno tu. Na bado leo nimekuta sabuni imepakwa kwenye cherehani changu, "kuona kama kitafunguka." Hicho kidole chako cha kubofya umekileta nyumbani kwangu, kijana, tutaonana.

Sasa mdogo wake, Kifaru. Huyu ndiye amenichosha. Kabofya birika mara sita. Kabofya moto. Kabofya dirisha, ndege kaimba, kacheka sana. Kabofya kofia ya mkuu wa stesheni. Basi. Kabati hakuligusa, kalenda hakuigusa, ufunguo hakuugusa, na paka hakumgusa. Paka! Mtoto anayependa paka kuliko anavyonipenda mimi! Nilimuuliza, "Umeona vyote?" Akasema, "Vyote." Tena analalamika kuhusu mshale, akiusogeza unamkimbia: "Mama, mshale umeingia shimoni." Nilikuwa nimeuma ulimi mpaka karibu utoke damu. Ufunguo umening'inia pale mkubwa kama mwiko wa ugali, naye anarudi kwenye birika. Mwisho kalia, kashuka kitini, kagonga mlango, kaenda zake. Wanasema mwenda pole hajikwai. Huyu anakwenda pole na bado anajikwaa. Jina tulilompa siyo la bure.

Umeridhika? Nina magauni manne ya harusi.

Dada yako

20 Februari

Dada,

Habari za siku? Poleni na kazi. Mimi nimepona mafua. Barua yako nimeisoma kwa sauti ofisini nikiitafsiri, watu wamecheka mpaka kahawa imemwagika. Nifikishie pole nyingi kwa muuza mayai.

Ya Hakimu ni dhahabu. Ya Kifaru ni dhahabu zaidi, hujui tu. Mtoto wa miaka mitano akikwama, kosa ni la mchoraji, siyo la mtoto. Hiyo ya mshale nitaiangalia, huenda ni kompyuta yenu, ni kuukuu. Naomba umjaribishe na vyumba vingine viwili. Mwambie mjomba anasema asilie.

Mdogo wako

3 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Shemeji yako alikuja siku mbili, kala, kalala, kaondoka.

Nimefanya ulivyosema. Jikoni Hakimu kamaliza kwa dakika saba, na kanipa hukumu kwamba mpishi wako ni mvivu. Kifaru jikoni: kabofya sufuria, kabofya pilipili, kabofya mpishi. Ngazi hakuigusa. Kapu hakuligusa. Yule panya mwenye kofia, ambaye Hakimu karibu aanguke kitini kwa kumcheka, Kifaru hakumgusa wala hakucheka. Stoo: kabofya baiskeli, kabofya ndoo, kabofya mwavuli. Sanduku hakuligusa. Kengele hakuigusa. Na mshale umeingia shimoni tena, mara nne nimehesabu.

Hakimu katoa hukumu: "Huyu hana akili, mama." Nimemkanya, lakini mdogo wangu, nikuambie la moyoni? Mimi mwenyewe nimeanza kuogopa. Mwalimu wake wa shule ya awali kaniita. Kanionyesha daftari. Kila ukurasa mtoto kaanza kuandika katikati, nusu nzima ya karatasi ni nyeupe. Mwalimu anasema ni uzembe, ukimwita hageuki, anajifanya hasikii. Na nyumbani ni hivyo hivyo. Juzi kamwaga chai juu ya satini ya bibi harusi, kikombe kiko pale pale kando ya mkono wake, kakipiga kumbo kama hakipo. Sikufichi, nilimzaba kofi. Alinitazama kwa mshangao. Akasema, "Sikukiona." Nikamzaba la pili kwa uongo.

Labda ni mvivu tu. Labda amedekezwa. Mchezo wako ni mzuri, lakini mtoto wangu hauwezi, na hilo linaniumiza kuliko ulivyokusudia.

Dada yako

15 Machi

Dada yangu,

Salamu sana. Pole na mwalimu, pole na satini. Tafadhali usimpige Kifaru wangu. Hana kosa, na nitakuthibitishia.

Nimezisoma barua zako mbili usiku na mchana, nikakaa na michoro yangu, nikaona aibu. Ufunguo niliuchora rangi ya kahawia kwenye ukuta wa kahawia. Kabati liko kwenye kivuli. Panya ni mdogo mno. Nilichora kwa jicho la mtu mzima. Hakimu anavumbua kwa sababu Hakimu angevumbua hata sindano kwenye gunia la mchele. Kifaru ndiye mtoto wa kweli ninayemchorea.

Basi nimefumua vyumba vyote vitatu. Ufunguo nimeuhamisha, sasa unaning'inia juu ya moto, karibu na birika analolipenda. Paka nimemkalisha dirishani na ndege wake. Ngazi iko nyuma ya mpishi. Sanduku nimeliweka chini ya baiskeli. Kila kitu alichokiacha nimekipeleka pale anapobofya. Siku kumi na moja sijalala vizuri, lakini moyo wangu mweupe.

Nakutumia mpya. Mkalishe tena, halafu uone kama hana akili.

Mdogo wako

8 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Leo sijui nianze wapi. Wote wazima, na mgongo nimeusahau.

Amemaliza! Kifaru amemaliza mchezo mzima! Ofisi kwa dakika nne. Alimwona paka dirishani akapiga ukelele nikajichoma sindano. Kachukua ufunguo, kafungua droo, kachukua tochi, kaenda jikoni, kapanda ngazi, kampa panya jibini, kaingia stoo, kafungua sanduku, kapata filimbi. Treni ilipoondoka alisimama juu ya kiti akacheza. Hakimu alitazama yote mlangoni, halafu akatamka, "Nimebatilisha hukumu yangu." Nimecheka mpaka nimelia. Au nimelia mpaka nimecheka. Siku ile ya daftari nilikuwa nimekaa peke yangu nikijiuliza nimekosea wapi na mtoto huyu, nawe ukiwa mbali huko umenirudishia mtoto wangu. Mungu akulipe, mimi siwezi.

Kila siku anataka tena. Nampa dakika kumi tu, kwa sababu asubuhi akiamka anasema kichwa kinauma, na juzi katapika. Nadhani ni kukodolea macho kile kioo. Huko kwenu watoto hawaumwi vichwa?

Wakubwa wako wakikataa mchezo huu, nipe namba zao.

Dada yako mwenye furaha

6 Mei

Dada,

Nimekupigia mara tisa hupokei. Najua cherehani kinapiga kelele na simu iko chini ya vitambaa. Ukiona barua hii kabla ya simu, acha kila unachokifanya na uisome mpaka mwisho. Sikuulizi hali. Nisamehe.

Uamuzi wa Aprili ulichelewa. Leo asubuhi kabla mchezo haujapitishwa, umefika kwa mama mmoja hapa ofisini ambaye ndiye mkaguzi wa mwisho. Tunamwita Darubini, hakimpiti kitu. Kaweka michoro ya zamani na mipya mezani, akaniuliza kwa nini nilihamisha vitu. Nikamwambia watoto walikuwa hawavioni. Akasema, "Watoto gani? Hapa tumejaribisha kumi na mmoja na michoro ya zamani. Wote waliuona ufunguo." Nikamwambia ni mpwa wangu. Nilikuwa najisifu, dada. Nikamtafsiria barua zako na kuzichapisha nimwonyeshe ninavyojua kusikiliza watoto.

Akazisoma. Akachukua rula, akapiga mstari katikati ya kila picha, juu mpaka chini. Halafu akaanza kuweka alama ya msalaba kwenye kila kitu ulichoandika "hakukigusa." Kabati. Kalenda. Ufunguo. Paka. Ngazi. Kapu. Panya. Sanduku. Kengele.

Misalaba yote tisa ilikuwa upande wa kushoto wa mstari. Upande wa kulia hakuna hata mmoja.

Alinisogezea tu karatasi. Dada, nilikaa sakafuni mbele ya watu. Mshale hauingii shimoni. Mshale ukipita katikati, yeye hauoni tena. Daftari liko hivyo hivyo. Kikombe kilikuwa mkono gani? Milango anaigonga kwa bega gani? Na kichwa kinachouma asubuhi, na kutapika! Uliniandikia, nikasoma, nikafurahi kwamba treni imeondoka.

Fanya hivi sasa hivi. Mkalishe mezani, anyooke, atazame mbele. Mwage vifungo vyako meza nzima, umwambie avikusanye vyote. Usimsaidie. Halafu vyovyote itakavyokuwa, mpeleke hospitali leo. Siyo kesho.

Mdogo wako

6 Mei

Leo sina salamu.

Vifungo vyeupe thelathini. Nilivimwaga mwenyewe, nikavitandaza vizuri. Alivikusanya haraka, anapenda vifungo. Akaviweka kwenye bakuli, akafuta mikono, akasema, "Nimemaliza, mama."

Vilikuwa vimebaki kumi na sita. Vyote upande mmoja, kama mtu aliyekata meza kwa mkasi. Nikamwambia, "Tazama vizuri, mwanangu, hakuna vingine?" Akatazama. Akaniambia hakuna, kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mama yake. Kimoja kilikuwa kimegusa kiwiko cha mkono wake.

Hakimu alikuwa mlangoni. Alifungua mdomo kuhukumu, akaufunga. Akaenda kumletea mdogo wake viatu bila kutumwa.

Tunatoka sasa hivi.

Dada yako

29 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Kwenye simu siku zote hizi nimekuwa nalia tu, wewe unalia upande wako, tunamaliza muda wa maongezi bila maongezi. Leo Kifaru amelala, baba yake amekaa naye, lori amemwachia mwenzake. Nimeomba karatasi kwa muuguzi nikuandikie kwa utaratibu.

Ni uvimbe. Uko ndani ya kichwa, nyuma, upande wa kulia, saizi ya yai la njiwa. Daktari anasema macho yake yote mawili ni mazima kabisa. Mahali pa ubongo panapopokea yale macho yanayoyaona ndipo pamebanwa. Uvimbe uko kulia, kwa hiyo kilichopotea ni kushoto, kwa macho yote mawili. Ndiyo maana ukifunika jicho hili au lile hugundui kitu.

Nilimuuliza, "Ina maana upande ule anaona giza?" Akaniambia hapana. Akaniuliza, "Wewe mama, nyuma ya kisogo chako unaona giza?" Nikamwambia sioni kitu. Akasema, "Basi ni hivyo. Yeye hajui kuwa kuna kitu hapo. Hawezi kulalamikia kitu ambacho kwake hakipo." Mdogo wangu, yule mtoto hakudanganya hata siku moja. "Umeona vyote?" "Vyote." "Sikukiona." Aliyasema kwa mdomo wake, nami nikayaandika kwa mkono wangu nikakutumia. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekuja akiwa mkubwa tayari.

Tulimwita Kifaru. Tulicheka. Shemeji yako ameniomba tusilitamke tena jina hilo, nami nimekubali, lakini yeye mwenyewe ukimwita kwa jina la shule haitiki. Ni Kifaru na anajivunia. Basi tunamwita, na kila nikiita moyo unanichoma.

Na mimi nilimpiga. Makofi mawili. La pili kwa uongo, nilikuandikia kwa kalamu yangu bila haya.

Nitakuambia ukweli mwingine. Nilikukasirikia. Kuanzia Machi mpaka Mei ni wiki saba, na daktari anahesabu kwa wiki. Siku mbili sikutaka hata kusikia simu yako ikilia. Nilikuwa nasema moyoni, alipewa ramani ya ugonjwa, akaipamba rangi. Halafu nikajiuliza ni nani aliyekuwa anaishi naye nyumba moja, anamwogesha, anamsuka, anamlisha. Wewe ulikuwa na barua mbili tu. Mimi nilikuwa na mtoto mwenyewe. Hasira ikakosa pa kukaa.

Daktari wa upasuaji aliniuliza nani aliyegundua. Nikamwambia ni mchezo wa treni. Alidhani nimechanganyikiwa. Nikamweleza taratibu, akavua miwani, akakaa. Akasema tungesubiri miezi michache zaidi, angekuwa anatuambia maneno ya namna nyingine.

Upasuaji ni tarehe kumi na moja Juni. Anaweza kupona. Anaweza kutoamka. Amesema yote mawili kwa sauti ile ile.

Tuombee.

Dada yako

2 Juni

Dada yangu,

Nimepokea barua yako. Afya yangu haina maana, usiulize.

Ulichokuwa unakisema moyoni ni kweli, na naomba usinifutie. Nimekaa na sentensi hiyo. Mtoto hakuuona ufunguo, nami badala ya kuuliza kwa nini haoni, nilihamisha ufunguo. Nilitibu picha. Nilikuwa mwepesi, mchangamfu, nikajiona msikilizaji mkubwa wa watoto. Ningekuwa mvivu kidogo, ningemwacha akwame, na pengine wewe ungempeleka kwa daktari mwezi Machi. Nilimwondolea lalamiko lake la pekee.

Mchezo wameupitisha. Waliniuliza niutoe na michoro ipi, nikawaambia ya zamani. Kushoto kubaki kushoto. Darubini ameongeza karatasi ya wazazi: mtoto asipogusa upande mmoja, msimsaidie, mpelekeni akapimwe.

Nimepata ruhusa ya kuja nyumbani kuanzia tarehe ishirini na tano, siyo kabla, nimeomba mpaka nikapiga magoti. Tarehe kumi na moja nitakuwa nimeshika simu. Usiniandikie wala usinipigie mpaka uwe tayari. Nitangoja.

Hakimu ana hali gani? Hamjaniambia habari zake.

Mdogo wako

14 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kutoka wodini. Ulipata ule ujumbe wa shemeji yako, "ametoka salama," maneno mawili, ndiye huyo mume niliyeolewa naye. Sasa nakueleza.

Walikuwa naye kwa muda wa saa sita na nusu. Uvimbe umetoka wote, na wameupima, siyo wa aina mbaya. Kichwa kimefungwa kitambaa cheupe, uso umevimba, lakini ni yeye, kaomba maziwa na kayakataa kwa sababu hayana sukari. Ataishi, mdogo wangu. Nimeandika neno hilo nikalitazama. Ataishi.

Hakimu alikuwa hajahukumu chochote tangu siku ya vifungo. Aliniuliza kama yeye ndiye aliyesababisha kwa kusema mdogo wake hana akili. Nimemkumbatia mpaka akalalamika, na jana kaanza kidogo, kasema uji wa hospitali una hatia. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kukueleza.

Upande wa kushoto daktari hana uhakika nao. Anasema huenda ukarudi kidogo, na huenda usirudi kabisa. Atafundishwa kugeuza kichwa, kuutafuta ulimwengu uliobaki. Watoto hujifunza, anasema, wepesi kuliko sisi.

Sasa nikuambie la leo asubuhi, halafu nilale.

Nilifika saa kumi na mbili. Chupa ya dripu na mashine ziko kulia kwa kitanda, kwa hiyo kiti wamekiweka kushoto. Nilikaa. Alikuwa amelala na walisema tusimguse, asishtuke. Nilikaa karibu kiasi cha kuhesabu kope zake. Saa moja na kitu akaamka. Alitazama dari, akatazama dripu, akamwona muuguzi anaandika. Akamwambia, kwa sauti ile ya kubembeleza anayoitumia akitaka kitu, "Dada, mama yangu leo haji?"

Nilikuwa hapo! Pumzi yangu ingeweza kumgusa shavu! Mdogo wangu, nilisoma misalaba yako, nilihesabu vifungo, nilimsikiliza daktari, na nilidhani nimeelewa. Sikuwa nimeelewa kitu mpaka mwanangu aliponitafuta na mimi nimekaa mbele ya macho yake. Muuguzi alinitazama.

Nikasema, "Niko hapa, mwanangu."

Akageuza kichwa pole pole, akaendelea kukigeuza, mpaka akanifikia. Uso wake ukafunguka wote. Akaniuliza, "Ulijificha wapi?"

Nikamwambia sikujificha, nipo hapa tangu asubuhi. Hakuniamini hata kidogo. Akacheka na vile alivyovimba, akarudisha kichwa akatazama mbele, akasema, "Jifiche tena."

Nikajificha tena, mdogo wangu, bila kuinuka kitini.

Dada yako